Begi la Nkungwe: shajara ya mazoezi, Kigoma

11 Aprili

Leo begi limekatika njiani. Nilikuwa napandisha kutoka stesheni kwenda mtaa wa Mwanga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mgongoni nina vidumu viwili vya lita tatu vilivyojaa maji. Kilo sita na ushee, si zaidi. Nikasikia sauti kama ya mtu anayechana khanga, bega la kulia likawa jepesi ghafla, na mzigo wote ukanivuta kushoto hadi nikashika nguzo ya umeme. Bodaboda mmoja akasimama: "Pole mama, umeumia?" Sikuumia. Nimerudi nyumbani nimelikumbatia begi kifuani kama mtoto mgonjwa, na hasira zimenijaa.

Begi lenyewe lina wiki tatu. Nililinunua jipya hapa mjini kwa Sh 35,000, rangi ya machungwa, mifuko saba, na ile mifuko ndiyo iliyonivuta. Mchana nimelirudisha dukani, nimeambiwa mali ikishatoka imetoka. Jioni nimekaa barazani nikaligeuza nje ndani ili nielewe kilichotokea. Mkanda wa bega umeingizwa kwenye mshono kina cha ukucha tu, ukapitishwa cherehani mara moja, basi. Kitambaa hakikuchanika hata kidogo. Uzi ndio ulioachia. Mgongoni kuna sponji laini unayoweza kuikunja kwa vidole viwili, hakuna ubao wala chuma cha kulisimamisha. Na ule mkanda wa kiunoni ni utepe mtupu, mwembamba kama wa gauni la shule. Hauwezi kubeba kitu. Wiki tatu zote hizo mzigo ulikuwa mabegani peke yake, na mimi nikadhani maumivu ya shingo ndiyo mazoezi yenyewe.

Niandike na sababu ya mazoezi haya, nisije nikaisahau katikati ya hesabu za mabegi. Tuko wanne kazini tumekubaliana kupanda Nkungwe mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kimekolea. Nkungwe ndio mlima mrefu kuliko yote katika Hifadhi ya Mahale, mita 2,462, nao unatazama Ziwa Tanganyika moja kwa moja. Ndani ya hifadhi ile hakuna barabara. Unafika kwa boti au kwa ndege ndogo, na baada ya hapo ni miguu. Mlimani watu hulala, kwa hiyo kila mmoja anabeba kitanda chake, chakula chake na maji yake.

Marehemu mama alikuwa akisema baba anaujua Nkungwe kuliko anavyozijua sura za wanawe. Baba alikuwa baharia wa boti za mbao zilizopeleka mizigo kusini, Mgambo hadi Kalya, na miaka yote hiyo aliuona mlima ule ukipita kulia kwake wakati wa kurudi nyumbani, umejifunika wingu. Hakuwahi kushuka akaupanda. Boti haimngoji mtu.

12 Aprili

Hesabu. Ziwa lenyewe liko mita kama 773 juu ya usawa wa bahari. Toa kwenye 2,462, unabaki na mita 1,689 za kupanda kutoka ufukweni hadi kileleni. Nilitaka kuzielewa kwa miguu, si kwa karatasi, kwa hiyo asubuhi nimepima ngazi za jengo letu la kazini kwa rula ya mwanangu. Kila kidato sentimita 17. Kutoka chini hadi ghorofa ya tatu vidato 54. Nkungwe basi ni vidato 9,900 na zaidi kidogo, yaani kupanda jengo letu mara 184. Nimezipanda mara tano bila mzigo, nikakaa.

17 Aprili

Kabla ya kwenda sokoni nimetaka kujua kipimo changu. Begi la mlimani halichaguliwi kwa urefu wa mtu, linachaguliwa kwa urefu wa mgongo. Baba watoto ameshika futikamba. Ukiinamisha kichwa, kuna mfupa unaojitokeza pale shingo inapoishia, unaanzia hapo. Kisha unaweka mikono kiunoni, vidole gumba vikielekea nyuma, juu ya ile mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba ndio mwisho wa kipimo. Changu ni sentimita 44. Cha baba watoto ni 46, ingawa ananizidi kichwa kizima. Urefu wake uko miguuni. Tungeazimana begi moja bila shida, jambo ambalo nisingelifikiria.

18 Aprili

Soko la Mwanga, tangu saa mbili. Nimepita kwa wauza mabegi ya mitumba wote. Mabegi ya shule mengi mno, ya kompyuta mengi, ya safari yenye magurudumu, na katikati ya rundo moja, limebanwa na mkoba wa kike, nikaona mkanda mnene wenye sponji ukining'inia. Nikauvuta. Likatoka shanta la kijani kibichi lililofifia, nembo imefutika lakini namba ubavuni bado inasomeka: 45+10. Maana yake lita 45, na kumi za ziada ukiinua kifuniko cha juu.

Kijana akaniambia elfu arobaini na tano. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tutaongea bei, ila kwanza niache nilikague." Akaniachia, na nitamshukuru kwa hilo, kwa sababu nilimmalizia nusu saa nzima.

Kwanza niliingiza mkono ndani, nyuma ya mgongo wa begi, nikapapasa. Kuna bapa mbili za alumini zinazotoka juu hadi chini, zimepindwa kidogo kufuata mgongo wa mtu. Hizo ndizo zinazoufanya mzigo usikae kama gunia. Kisha mishono: pale mikanda ya mabega inapoungana na mwili wa begi, uzi umepita mara nyingi, mbele na nyuma, ukaacha alama kama kovu nene. Nikaweka goti juu ya begi, nikavuta mkanda kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Haukulia. Zipu nikazifungua na kuzifunga zote, moja ya mfuko wa chini inaruka meno mawili. Kifungio cha plastiki cha kiunoni kimevunjika jino moja. Na ndani, nilipopitisha kiganja, kikatoka na unga mweupe unaonata: ile tabaka ya kuzuia maji imezeeka na inabanduka. Ni ugonjwa wa mabegi ya zamani, hasa yaliyokaa yamekunjwa kwenye joto na unyevu, na hautibiki. Nikauweka kwenye hesabu ya kushusha bei.

Lakini kipimo chenyewe nilikipata kwa jirani yake, mama anayeuza mchele. Nilimwomba aniazime kilo kumi kwa dakika chache, nikaacha kitambulisho changu kwenye mizani yake. "Kazunguke nao mwanangu, mchele hauharibiki kwa kutembezwa." Kwanza tukalipima begi tupu: kilo 1.9. Nikatia mchele, nikalegeza mikanda yote, nikalivaa. Nikafunga cha kiunoni kwanza, juu kabisa ya mifupa ya nyonga na si tumboni, nikakaza. Ndipo nikavuta ya mabega. Mabegani paliacha nafasi ya kupitisha vidole viwili, na mzigo bado ulikuwa umetulia.

Sijui nielezeje. Wiki tatu nimebeba kilo sita shingoni, na leo kilo kumi zimekaa kiunoni kama mtoto aliyefungwa vizuri kwa kitenge. Kila mwanamke aliyewahi kubeba mtoto mgongoni anaijua tofauti hiyo: mbeleko ikishuka unavunjika, ikikaa mahali pake unasahau kwamba umebeba. Nimezunguka soko robo saa, nikapita kwa wauza dagaa, kwa wauza mawese, nikarudi. Hakuna aliyenishangaa isipokuwa watoto.

Tumeelewana Sh 30,000. Kwa mama wa mchele nimenunua kilo mbili.

25 Aprili

Begi liko kwa fundi viatu wa karibu na nyumbani, mzee mwenye cherehani ya mkono inayopita hadi kwenye soli. Zipu ile hakuibadilisha. Amekibana kichwa cha zipu kwa koleo, taratibu, huku na huku, na meno yamerudi kushikana. "Binti yangu, zipu nyingi zinazotupwa ni nzima, kichwa ndicho kimelegea." Kifungio cha kiunoni amekitoa kwenye begi langu la machungwa, upana wa mkanda ulilingana. Nimefurahi kwamba kile kitu hakikufa bure. Kazi yote Sh 6,000, na mikanda ya mabega ameishonea tena kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, ingawa mimi niliona ilikuwa sawa. Alisema mshono wa zamani haupimwi kwa macho.

2 Mei

Kosa la wiki hii nitaliandika kirefu kwa sababu limenigharimu siku mbili za mgongo.

Nilitaka kufika kilo kumi na mbili, na mimi nina kilo 64, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya tano ya uzito wangu. Wanaofundisha wapanda milima wengi husema mtu asivuke hapo kwa safari ya siku kadhaa, na aanze na sehemu moja ya kumi kisha apande polepole. Upesi ndio ulioniponza. Badala ya kuongeza kidumu nikaenda Kibirizi, nikajaza mchanga wa ziwani kwenye kiroba, nikautia begini. Mchanga ni mzito kuliko maji kwa ujazo uleule. Kilo kumi na mbili za mchanga hazifiki lita nane. Ndani ya begi la lita 45 ukajikusanya wote chini, nyuma kabisa, mbali na mgongo wangu. Kila hatua ulinivuta nyuma, na mimi nikainama mbele kujizuia. Nilipofika Mwanga kiuno kilikuwa kinawaka.

Mzigo unatakiwa uwe karibu na mgongo na uwe katikati, kuanzia kwenye mbavu hadi kati ya mabega. Vyepesi vinakaa chini na nje. Sasa nimepanga hivi: blanketi limekunjwa chini, vidumu viwili vya lita tano vimesimama juu yake, vimegusa zile bapa za alumini, na nguo zimesokotwa pembeni visicheze. Kilo kumi na mbili zilezile, na si zilezile.

Maji yana faida nyingine ambayo mchanga hauna. Ukipanda na mzigo, mapafu na mapaja yanafanya kazi, na hayo ndiyo ninayoyataka. Ukishuka nao, magoti ndiyo yanayopigwa, na katika mazoezi sioni sababu ya kuyachosha kabla ya siku yake. Kwa hiyo nilitafuta mahali pa kuyamwaga maji mwisho wa kupanda. Mwanga kuna mama lishe anayenunua maji kwa dumu kila alfajiri. Nimemuuliza kama atayapokea yangu. Alinitazama kidogo, akasema, "Leta dada, hapa maji hayakataliwi." Tangu jana nampelekea lita kumi, nashuka mtupu, ananipa chai ya rangi. Yeye anaona nimemsaidia. Mimi naona amenipa sababu ya kuamka.

9 Mei

Mvua kubwa, labda ya mwisho ya masika. Nimetoka makusudi. Begi limelowa ndani kama nilivyotarajia, ule unga mweupe umegeuka uji na kushika blanketi. Nimelisugua kwa brashi na maji ya uvuguvugu yenye sabuni hadi tabaka yote iliyokufa ikatoka, nikalianika kivulini. Halafu nilikumbuka mwavuli wetu uliovunjika mbavu. Kitambaa cha mwavuli ni chepesi na maji hayapiti. Fundi cherehani amekikata, akatia mpira pembeni, kimekuwa kofia ya begi, Sh 4,000. Ndani nitaweka nguo kwenye mfuko wa nailoni nzito.

16 Mei

Ujiji kwa miguu, kwenda na kurudi, kilo kumi. Saa tatu na dakika kumi na tano za kutembea, ukiacha muda niliokaa kwa baba.

Baba ameligeuza begi pande zote. Ameingiza mkono akazipata zile bapa mwenyewe, bila kuambiwa, akasema, "Hii ni kama mataruma ya boti." Mataruma ni mbavu za boti, na ni kweli, ndiyo kazi yake. Kisha akaanza habari za wapagazi. Mtaa anaokaa uko karibu na ile njia ya zamani ya misafara yenye miembe, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora ikaishia hapa ziwani. Mpagazi mmoja, wengi wao Wanyamwezi, alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, begani au kichwani, kwa miezi. Hawakuwa na mkanda wa kiunoni. Baba aliniuliza mzigo wangu kilo ngapi, nikamwambia kumi, akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Nilifikiri mabega ya watu wale njia nzima ya kurudi.

Kabla sijaondoka alinishika mkono, akaniambia Nkungwe una wenyewe, Watongwe, na kwao mlima ule ni mahali pa kuheshimiwa, nisipige kelele juu. Nimemwahidi.

Malengelenge mawili, kisigino cha kushoto. Ni soksi, si viatu. Nimebadilisha.

30 Mei

Ngazi za kazini, Jumamosi, jengo tupu, mlinzi amenifungulia. Mara 60 na kilo kumi na mbili, kwa mafungu ya kumi. Vidato 3,240, mita 550 na kidogo. Ni theluthi ya mlima. Mapaja yalitetemeka kwenye fungu la tano lakini mabega hayakuuma, na hilo ndilo nililokuwa nalitafuta tangu Aprili. Kuna kitu nimekigundua kwenye fungu la tatu: mkanda wa kiunoni hulegea wenyewe kadiri jasho linavyotoka, na usipoukaza tena kila nusu saa, mzigo hurudi mabegani kimyakimya. Sasa nakaza kabla sijasikia maumivu.

Vile vikanda vidogo vya juu, vinavyotoka begani kwenda kichwa cha begi, navivuta ninapopanda na kuvilegeza kidogo kwenye tambarare.

6 Juni

Nimepanga mzigo wa kweli kwa mara ya kwanza. Blanketi na shuka, nguo za kubadili, sweta, koti la mvua, tochi, sufuria ndogo, unga wa muhogo, dagaa wa kukaanga kwenye kopo, karanga, chumvi, dawa, maji lita tatu. Nimekwenda kwa mama wa mchele, ameuning'iniza kwenye mizani yake: kilo 11.6 pamoja na begi. Nimepunguza sufuria, mwenzangu anayo. Gharama yote ya begi hili hadi leo ni Sh 40,000: begi elfu thelathini, fundi viatu elfu sita, kofia ya mvua elfu nne. Elfu tano tu zaidi ya lile lililokatika.

Asubuhi nilipeleka maji Mwanga kama kawaida. Hewa ni safi baada ya mvua kuisha, na milima ya Kongo inaonekana ng'ambo hadi mikunjo yake. Nilimimina lita kumi kwenye pipa la mama lishe, nikasimama nikitazama kusini, ingawa najua Mahale iko mbali mno kuonekana kutoka hapa.

Mwenzetu wa nne bado hana begi. Jana kazini alinionyesha picha ya lile la machungwa, lenye mifuko saba, anataka kulinunua mwisho wa mwezi. Nimemtolea mkanda uliokatika, ninao kwenye mkoba, nikamwonyesha ulikoishia uzi. Kesho nampima mgongo kwa futikamba, na Jumamosi tunakwenda wote sokoni. Mama wa mchele ameshakubali kutuazima kilo kumi nyingine.